Elektroni za ndani na siri ya picha ya eksirei

Mgonjwa aliyevunjika mkono anapopigwa picha ya eksirei, mfupa hutokea mweupe na nyama iliyouzunguka huonekana kama kivuli cheusi. Chanzo cha tofauti hiyo ni namna elektroni zilivyopangwa ndani ya atomu. Mjini Birmingham, nchini Uingereza, daktari mmoja alipoteza mkono wake kabla sayansi haijaufahamu mpangilio huo vizuri.

Katika mtaa wa Winson Green, magharibi mwa kitovu cha jiji hilo, ipo hospitali ya barabara ya Dudley Road, iliyofunguliwa mwaka 1889 kuwatibu wagonjwa wa nyumba ya maskini. Vizazi vya wakazi wa mtaa huo, wakiwemo wahamiaji kutoka Karibea, Asia Kusini na Afrika, vilitibiwa hapo, hadi huduma za dharura zilipohamishiwa hospitali mpya ya Smethwick, jirani tu, mwaka 2024.

Hospitali hiyo ilipofunguliwa, daktari hakuwa na njia ya kuuona mfupa pasipo kupasua ngozi. Njia hiyo ilipatikana miaka sita baadaye, Novemba 1895, pale Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipogundua miale ya eksirei.

Habari zilifika Birmingham upesi. Januari 1896, daktari John Hall-Edwards wa jiji hilo alipiga picha ya mkono uliokuwa na sindano chini ya ngozi. Mwezi uliofuata, picha ya namna hiyo ilitumika kumwongoza daktari katika upasuaji. Wakati huo elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897.

Ngazi zilizomo ndani ya atomu

Katikati ya kila atomu kuna kiini chenye chaji chanya, na elektroni, zenye chaji hasi, hukizunguka. Mwaka 1913, Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni haziwezi kukaa popote zipendapo. Kila moja huwa katika ngazi maalumu ya nishati, na hakuna kituo baina ya ngazi moja na nyingine.

Kila ngazi ina kikomo chake. Ya kwanza, iliyo karibu zaidi na kiini, huchukua elektroni 2, ya pili 8, ya tatu 18 na ya nne 32. Lakini si lazima ngazi ijae kabisa kabla ya inayofuata kuanza kupokea. Kalisi, madini yaliyomo katika mifupa, ina elektroni 20 zilizopangwa 2, 8, 8, 2. Ngazi yake ya tatu bado ina nafasi, ila elektroni mbili za mwisho huhitaji nishati ndogo zaidi kukaa katika ngazi ya nne, na huko ndiko zinakokwenda.

Mpangilio huu waweza kufananishwa na kisima. Elektroni ya nje iko karibu na mdomo wa kisima na huchoteka kwa urahisi. Ile ya ndani iko chini kabisa, na kadiri kiini kinavyokuwa na chaji kubwa, ndivyo kisima kinavyozidi kwenda chini.

Kwa nini mfupa huonekana

Wanasayansi hupima kina hicho kwa elektronivolti. Kuing'oa elektroni ya ndani kabisa ya oksijeni, iliyojaa katika maji ya mwili, huhitaji takriban elektronivolti 540. Kwa kalisi huhitajika zipatazo 4,000, na kwa madini ya risasi 88,000.

Miale ya eksirei inayotumika hospitalini ina nishati ya makumi ya maelfu ya elektronivolti. Atomu huifyonza zaidi pale nishati ya miale inapozidi kidogo tu ile inayozishikilia elektroni zake za ndani. Oksijeni, kaboni na haidrojeni za nyama ziko mbali mno na kiwango hicho, hivyo miale mingi hupita. Kalisi iko karibu zaidi, nayo huizuia mingi. Mfupa basi huacha kivuli, na kivuli hicho ndicho picha.

Utumbo na mishipa ya damu havina kalisi ya kutosha. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa mchanganyiko wenye bariamu, au hudungwa dawa yenye iodini. Elektroni za ndani za iodini hung'oka kwa takriban elektronivolti 33,000, na za bariamu kwa 37,000, viwango vilivyomo hasa ndani ya nishati ya mashine.

Ngazi hizo zilipewa majina kutokana na eksirei zenyewe. Charles Barkla wa Uingereza aligundua kwamba kila elementi hutoa eksirei za aina yake, akaziita K na L, herufi ambazo hadi leo huitambulisha ngazi ya kwanza na ya pili. Mwingereza mwenzake, Henry Moseley, alizipima mwaka 1913 na kuonyesha kwamba zinafuata ukubwa wa chaji ya kiini. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Upande wa pili

Elektroni iliyong'olewa huondoka kwa kasi na kuzigonga elektroni za nje za atomu nyingine. Hapo ndipo penye hatari, kwani elektroni za nje ndizo zinazozifunga atomu pamoja kuwa maji, protini na chembe za urithi. Kifungo kikikatika, seli yaweza kufa, au kupata kasoro inayozaa saratani miaka mingi baadaye.

Hall-Edwards aliyajua hayo kwa mwili wake. Baada ya miaka ya kufanya kazi na miale bila kinga, ngozi ya mikono yake iliharibika, na mwaka 1908 mkono wake wa kushoto ulikatwa. Alipoteza pia vidole vya mkono wa kulia. Alifariki mwaka 1926.

Leo picha moja ya mkono hutumia mionzi kidogo mno, na hatari yake kwa mgonjwa ni ndogo sana. Mpiga picha, ambaye hukaa na mashine hiyo siku nzima, husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, madini ambayo elektroni zake za ndani zimeshikiliwa kwa nguvu kuliko takriban zote anazokutana nazo kazini. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, anashauriwa kumweleza mhudumu mapema, kabla mashine haijawashwa.