Kabla Hujanunua Mjerumani Hapa Buffalo

Kila Septemba simu yangu inalia: "Kaka, nimepata Mjerumani bei ya kutupa, njoo unikagulie." Watu wanadhani anayesoma uhandisi wa mitambo anajua kila chenye injini. Sijui kila kitu, ila hili naliweza kidogo.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja alinunua sedani ya nguvu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Theluji ya kwanza ilipoanguka, kwenye taa za Main Street, gari liligeuka likaangalia lilikotoka. Hakuumia mtu, lakini basi lilisimama hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Jamaa akalaumu gari. Mimi nikainama kuangalia matairi: ya kiangazi! Mpira wa matairi hayo, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, unakakamaa, na gari linateleza kama sabuni.

Tairi lina kiasi fulani tu cha kushika barabara. Ukikimaliza kwa kukanyaga mafuta, hakibaki cha kukata kona. Gari la kusukumwa nyuma hugawa kazi: mbele kunakata kona, nyuma kunasukuma, ndiyo maana kwenye lami kavu usukani wake mtamu. Kwenye barafu, ukizidisha mafuta katikati ya kona, mkia unataka kutangulia.

Audi walileta Quattro yao ya fowili mwaka 1980, na wazee wa Kenya watakumbuka Hannu Mikkola alivyoshinda Safari Rally ya 1987 kwa Audi 200 Quattro, sedani kubwa kabisa! Lakini injini ya Audi hizo ilikaa mbele ya ekseli ya mbele. Pua nzito, ukiingia kona kwa spidi inakataa kukunja. Kwenye RS 4 ya 2006 nguvu ikagawiwa asilimia 40 mbele na 60 nyuma, ili mkia usaidie kugeuza gari.

Na jamani, fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Hata gari la kusukumwa nyuma lina breki kwenye magurudumu yote manne.

Tuje kwenye gia, maana hapa ndipo ubishi ulipo. Tazama BMW M5. Ile ya 2005 ilitoka na giaboksi ya SMG: klachi ni ya kawaida, ila inakanyagwa na kompyuta na haidroliki badala ya mguu wako. Ukiwa kasi, raha. Kwenye foleni inashtuka-shtuka, na klachi inalika. Wamarekani wakadai gia za mkono, na wakapewa kwenye modeli ya 2007. M5 iliyofuata, ya 2011, ikaja na klachi mbili, moja ikiwa kazini nyingine imeshashika gia inayofuata. Marekani tena ikapata na ya mkono. Kisha 2017 BMW wakaacha yote hayo: otomatiki ya gia 8, na fowili kwa mara ya kwanza kwenye M5, ambayo dereva akitaka anaizima abaki na nyuma tu.

Kwa nini otomatiki ilirudi? Wakati wa kuondoka, nguvu inapita kwenye oili inayozungushwa, kwa hiyo inafika kwenye tairi taratibu, na hiyo ndiyo unayoitaka kwenye theluji. Mwendo ukishika, inajifunga, nguvu haipotei. Mimi napenda gia za mkono, sifichi. Naondokea namba mbili kwenye utelezi na siogopi. Lakini kwa mwanafunzi anayenunua mkweche, giaboksi ya klachi ya kompyuta ikifa, bili inaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Usiiguse.

Wenzetu wa Louisville theluji yao ni ndogo, na wanaweza kunibishia. Hapa, Desemba 2022, tufani ya theluji iliua zaidi ya watu 40 katika wilaya ya Erie. Kuendesha gari kulipigwa marufuku, na hakuna aliyeuliza kama una fowili.

Yule mwenzetu bado anaendesha gari lile lile. Alinunua matairi manne ya winta, akaweka na mfuko wa mchanga kwenye buti, na pale Main Street anapita kila asubuhi.