Kutoa masega kwenye gari la zamani: nguvu au hasara?

Wafanyabiashara wengi wenye magari madogo ya mizigo wamekuwa wakishauriwa na mafundi watoe masega kwenye bomba la moshi, au wazibe njia ya EGR, ili gari lipande milima kwa nguvu. Kabla hujakubali, ni vyema ukafahamu vifaa hivyo vinafanya kazi gani, na ni wakati gani vinaibana injini kweli.

Kazi ya vifaa hivi

Masega yana vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, gesi ya kaboni monoksidi na mabaki ya petroli hugeuka kuwa kaboni dayoksidi na mvuke wa maji. EGR nayo hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza joto la mwako na gesi za nitrojeni. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, EGR isiyo na hitilafu hujifunga. Kwa hiyo kuiziba hakuongezi nguvu mlimani.

Tatizo liko wapi?

Masega mazima huzuia moshi kidogo tu. Yaliyoziba ndiyo huikaba injini, nayo hayazibi bila sababu. Injini inayokula oili huyajaza masizi. Plagi au koili mbovu hupitisha petroli isiyoungua, ambayo huwakia ndani ya masega na kuyayeyusha. Ukiyatoa bila kutibu chanzo, utapata nafuu ya muda, huku injini ikiendelea kuharibika.

Wapo wanaosema mafuta yetu ndiyo yanaua masega. Hilo lilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi, lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006.

Pima kwanza

Mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, afunge geji ya presha mahali pake. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika na geji ikapita psi 3, bomba limeziba. Ikiwa chini ya hapo, kagua filta ya hewa, plagi na pampu ya mafuta. EGR iliyojaa masizi husafishwa tu.

Hasara kwa mfanyabiashara

Rwanda iliimarisha upimaji wa lazima wa moshi wa magari mwaka 2025. Anayenunua gari la kwenda kuuza huko, kisha likakutwa halina masega, anaweza kulazimika kununua mengine, tena kwa bei kubwa. Kwenye magari mengi ya EFI taa ya injini nayo huwaka, na mnunuzi makini hushusha bei akiiona.

Jihadhari pia na fundi anayejitolea kuyatoa bure. Madini yaliyomo yana soko, na chuma chakavu hicho huweza kumlipa kuliko ufundi wenyewe.

La mwisho ni usalama. Kaboni monoksidi haina harufu. Bomba likivuja chini ya gari kuukuu lisilo na masega, sumu nyingi zaidi huweza kuingia ndani, hasa dereva anapolala kwenye foleni ya mpakani huku injini ikiunguruma.