Nguo za Safari ya Milimani

Mtu akaaye Tanga, karibu na bahari, akialikwa kwenda Lushoto katika mwezi wa Julai, kwanza hufurahi, kisha huuliza, "Nichukue nguo gani?" Swali hili lina maana kuliko adhaniavyo. Mji wa Lushoto umo katika milima ya Usambara, yapata meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu apandapo mlima, kila meta 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Tena miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi. Asubuhi ukungu hufunika mabonde, majani hulowa umande, na usiku joto huweza kushuka chini ya digrii 15. Mshambaa aliyezaliwa huko amezoea. Mgeni wa pwani hutetemeka.

Watu husema, "Sweta hii ina joto." Kwa kweli sweta haina joto lo lote. Itundike usiku kucha katika chumba cha baridi, kisha iguse alfajiri: utaiona baridi kama ukuta. Joto hutoka katika mwili wa mtu mwenyewe, kwa chakula alacho, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Nalo huzuiwa hasa na hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Nyuzi za sufu zimejikunja-kunja, kwa hiyo hushika hewa nyingi. Vivyo hivyo nguo mbili nyepesi zikivaliwa pamoja, hewa hukaa kati yake. Ndiyo sababu fulana, shati na sweta, moja juu ya nyingine, hufaa kuliko kabuti moja zito lililovaliwa juu ya fulana tupu. Tena kabuti ni ghali, nalo hujaza sanduku zima. Lakini sweta nzuri ya sufu hupatikana katika mitumba sokoni kwa bei ndogo, wala si aibu kuinunua huko.

Adui mkubwa wa msafiri wa milimani ni maji. Kila mtoto wa pwani ajua ya kuwa maji ya mtungini hupoa hata siku ya jua kali. Maji kidogo hupenya udongo wa mtungi, hutoka nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka kwake huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Nguo iliyolowa hufanya kazi ile ile, ila mtungi wenyewe sasa ni mwili wa mtu. Pamba ikilowa hushikamana na ngozi, na hewa yote hutoka. Sufu ikilowa hubakiza joto kidogo. Wala si mvua peke yake iletayo hatari hii. Kijana apandaye kilima amevaa sweta hutoka jasho, na afikapo kileleni, upepo ukampiga, huona baridi kuliko mwenziwe aliyevaa shati tu. Yafaa aivue sweta kabla hajaanza kupanda, na kuivaa tena mara asimamapo kupumzika.

Kwa hiyo katika kufunga mzigo jambo la kwanza ni kutenga nguo kavu za kulalia: fulana, suruali au kanga nzito, na soksi. Hizi zifungwe peke yake katika kitambaa kisichopenya maji, wala zisivaliwe mchana, hata kama nyingine zote zimelowa. Viatu viwe vya kufunika mguu, maana udongo wa milima ile huteleza sana baada ya mvua. Vikilowa, vijazwe magazeti makavu ndani, visiwekwe karibu na moto, kwa kuwa ngozi hukauka na kupasuka. Soksi ziwe jozi tatu au zaidi, zisizobana. Kofia ya sufu ni ndogo, lakini msafiri asiiache.

Blanketi nalo lina akili yake. Wageni wengi hujifunika mablanketi mawili, nao huendelea kuona baridi, kwa sababu ubavuni chini hawakutandika kitu, na baridi hupanda kati ya kamba za kitanda. Moja litandikwe chini, moja lifunike juu.

Mgeni asiyechukua nguo za kutosha hutafuta joto kwingine, na hapo ndipo penye hatari kuu. Usiku huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na madirisha, akalala. Makaa yawakayo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwenye kulala hawezi kuitambua, wala haimwamshi. Wako watu waliolala hivyo wasiamke tena. Jiko la makaa lisilale pamoja na watu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Aonaye baridi usiku na avae nguo nyingine.

Mzigo hufungwa kinyume cha mahitaji: kitakachotakiwa mwisho huwekwa kwanza. Gari likifika Mombo, chini ya milima, jua bado ni kali, na abiria hujipepea. Kutoka hapo njia hupanda kwa mizunguko mingi yapata kilometa 33, na kabla ya kufika mjini madirisha yote yamekwisha fungwa. Mwenye sweta juu kabisa ya mkoba wake huitoa akavaa. Aliyeiweka chini ya sanduku lililofungwa juu ya gari hana la kufanya ila kujikunyata.

Arudipo Tanga, azianike nguo zote juani siku nzima kabla ya kuzihifadhi, kwa maana zimechukua unyevu wa milimani na zitaota koga. Sweta aikung'ute vizuri, kwani nondo hupenda sana sufu.