Mtoto anapotafuta fimbo ya mchawi kwenye kompyuta

Likizo ikianza, kompyuta ya kazi ya mama au baba hupata mwenyewe mpya. Mtoto wa darasa la tano ameshika kipanya, hasikii akiitwa kula. Kwenye kioo kuna chumba cha mchawi kilichojaa vyungu, mishumaa, vitabu vikuukuu na paka mweusi. Chini kuna orodha ya vitu: ufunguo, unyoya, saa, kijiko. Kazi yake ni kuvisaka kimoja kimoja kwenye ule mrundikano.

Mzazi wa Mpanda anayekuta hali hiyo kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili. Je, gemu hili linamjenga mtoto au linamlia muda? Na huo uchawi, hautamkaa kichwani?

Ni magemu ya namna gani?

Mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa ni wa zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1987 Mwingereza Martin Handford alitoa kitabu cha picha ambacho msomaji humtafuta mtu mmoja, Wally, katikati ya umati. Kwenye kompyuta, aina hii ilipata umaarufu mwaka 2005, kampuni ya Marekani ya Big Fish Games ilipotoa Mystery Case Files: Huntsville.

Baadaye zikaingia hadithi za laana, majumba ya kale na misitu yenye mizimu. Mfano ni Grim Legends, la mwaka 2014, kutoka kampuni ya Artifex Mundi ya Poland. Humo mchezaji husaka vitu, hufungua kufuli kwa mafumbo na kuchanganya dawa ili hadithi isonge mbele. Hakuna kupigana kwingi, ndiyo maana wazazi wengine huyaona hayana neno.

Faida ipo, lakini isikuzwe

Gemu la aina hii humfundisha mtoto kutulia na kutazama kwa makini. Faida nyingine ni Kiingereza. Orodha nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, na mtoto asiyejua neno hawezi kupata kitu. Mpe daftari aandike kila neno jipya na maana yake. Maneno hayo atayahitaji akifika sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza.

Ila usitarajie gemu limpandishe alama za hisabati. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani inayomiliki programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kuituhumu kuwadanganya wateja kuhusu uwezo wa michezo yake kunoa ubongo. Anayecheza sana gemu fulani kwanza huwa hodari wa gemu hilohilo.

Yule bibi mwenye pua ndefu

Hapa ndipo mzazi wa Katavi anapaswa kukaa karibu zaidi. Katika magemu mengi ya uchawi, mbaya wa hadithi ni bikizee: mgongo umepinda, macho mekundu, anaishi peke yake. Kwa mtoto wa ng'ambo huyo ni katuni tu. Kwetu sura hiyo inaweza kufanana na ya bibi wa jirani.

Vikongwe katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni jikoni. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928 enzi za mkoloni, inalihesabu kosa kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi.

Kwa hiyo usinyamaze. Muulize, "Mwanangu, huyu bibi amefanya nini mpaka wamwite mchawi? Nani kamwona?" Mwache ajibu. Kisha mweleze kwamba kwenye gemu mchoraji ameshaamua nani mbaya kabla mchezo haujaanza, lakini mtaani binadamu hahukumiwi kwa sura wala kwa umri. Mtoto akimtania bibi yeyote kwa jina hilo, mkanye siku hiyohiyo.

Mwoneshe pia kwamba hadithi za mizimu hazikuanzia Ulaya. Jina la Katavi lenyewe linahusishwa na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya wenyeji, ambaye inaaminika roho yake inakaa kwenye mkwaju ndani ya hifadhi, na watu hupeleka sadaka hapo. Kama nyumbani yupo mzee anayeijua, amsimulie mjukuu. Mtoto atajifunza kwamba hadithi husikilizwa kwa heshima, bila kumtafutia mtu lawama.

Umri, macho na flashi

Kabla ya kumruhusu, tazama alama ya umri. Magemu yanayouzwa Ulaya hupewa alama za PEGI: 3, 7, 12, 16 na 18. Gemu lenye 12 au zaidi lisiwe la mtoto wa darasa la tatu. Ukiona mtoto anaogopa kwenda chooni usiku au anaota ndoto mbaya, lisitishe.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 muda wa kioo usizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa zaidi, pangeni muda pamoja na uzingatiwe. Kila baada ya dakika 20, ainue macho aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Jihadhari pia na gemu la kunakiliwa kwa flashi. Mengi ya bure huja na virusi, na kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye taarifa zako za kazi. Fanya nakala ya mafaili yako, na mfungulie mtoto akaunti yake isiyoweza kusakinisha programu bila nywila yako.

Kama kompyuta haipo

Mchezo wenyewe unawezekana kwenye sinia. Panga vitu 15: kisoda, kokwa ya mkwaju, sindano, ganda la karanga, kipande cha mkaa, ufunguo. Watoto watazame kwa dakika moja, funika kwa kanga, kisha kila mmoja ataje anavyokumbuka. Wakizoea, ondoa kimoja kwa siri waseme kipi kimepotea. Mdogo wa miaka mitano anaweza kumshinda baba yake, na nyumba nzima ikacheka.