Petroli Ikiisha, Kisauni Tutasukuma Tuktuk?

Kila tarehe 14 usiku, mtaa mzima huwa kwa simu. EPRA wametoa bei mpya. Mwenye tuktuk Kisauni anapiga hesabu, wa boda Likoni anaguna, na wewe abiria unajua kesho konda atakwambia, "Nauli imepanda, bwanangu." Tulia nikupe rada.

Ile refainari ya Changamwe unayoipita kila siku ilianza kazi 1963. Meli inaleta mafuta ghafi, mitambo inayapika, petroli na dizeli zinatoka. Septemba 2013 ikazima. Mbona? Mitambo ilikuwa ya kitambo: ilitoa mafuta mazito mob na petroli kidogo, ikawa rahisi kununua yaliyosafishwa tayari. Leo matangi yake ni ya kuweka stoki tu. Mafuta unayochoma yanakuja na meli, mengi kutoka Ghuba, yanashukia Kipevu. Kukichafuka huko ama dola ikipanda, mfuko wako ndio unaumia.

Utaniuliza, "Kwani si tuna mafuta Turkana?" Tunayo. Yaligunduliwa 2012, kisima cha Ngamia 1. Yakaletwa Changamwe na malori, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikabeba kama mapipa 200,000. Unaona ni mengi? Kenya nzima inamaliza karibu mapipa 100,000 kwa siku. Hiyo meli ni ya siku mbili, buda. Na kisima cha mafuta si kisima cha maji, mvua haikijazi. Ukichota, yamepungua.

Sasa skia hii. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya haitoki kwa mafuta. Ni mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ndio maana nduthi za stima zinaingia: chaji inatoka nyumbani, haingoji meli.

Lakini usidanganyike eti mambo ni mteremko. Stima hupotea. Vituo vya kubadilisha betri si vingi kama vya petroli. Na pale Kipevu bado kuna mitambo ya kuzalisha stima kwa mafuta. Ikiwashwa, gharama inaongezwa kwa bili yako.

So ufanye nini? Kama unataka kuchukua nduthi kwa mkopo, weka hesabu mbili kando kwa kando: petroli ya siku na chaji ya siku, kisha uulize betri utaibadilishia wapi. Kama wewe ni fundi, jifunze mota na betri mapema, kabla wateja hawajakuhama. Na kama uko shule, kozi ya umeme wa jua si ya kudharau; jua la Mombasa halina bei ya tarehe 14.

Refainari ilizima, na waliokuwa wanaitegemea wakabaki kujipanga upya. Wewe usingoje uzimiwe. Jipange sasa.