Kiporo si Makombo: Somo la Ndege Iliyoungwa kwa Masazo

Waswahili, ambao ni wajuzi wa chakula na wa maneno pia, hawakukipa kila kisaliacho mezani jina moja. Kuna makombo, nayo ni yale yanayobaki sahanini baada ya walaji kushiba na kunawa. Hayo hutupiwa kuku. Kuna na kiporo, nacho ni chakula kilicholazwa kwa makusudi ili kiliwe asubuhi. Huenda wali ukawa ni ule ule, uliopikwa katika sufuria moja. Kinachoutofautisha ni nia ya aliyeuweka. Maneno haya mawili yalinijia muhula uliopita, si jikoni, bali mbele ya ndege ya kivita isiyofika shubiri moja, iliyoungwa na mpwa wangu kwa masazo ya vipande vya plastiki, na iliyorudi kutoka shuleni ikiwa imepewa alama 11 kwa 20.

Huenda wasomaji wengi hawajapata kukutana na sanaa hii. Huko Uingereza, kampuni ya Airfix, iliyoasisiwa na Nicholas Kove mwaka wa 1939, ilianza kuuza mfano wa ndege ya Spitfire mwaka wa 1953, na tangu hapo vijana na wazee wa nchi nyingi wamejifungia vyumbani wakiunga ndege, meli na vifaru vya plastiki. Mnunuzi hapewi ndege. Hupewa kasha lenye vipande vilivyoshikana na fremu zake kama majani na vikonyo, kila kimoja na nambari yake, pamoja na karatasi ya maelekezo. Huvikata kwa wembe, akavisugua kwa msasa, akaviunga kwa gundi inayoyeyusha nyuso mbili za plastiki hata zikawa uso mmoja, kisha akapaka rangi.

Skeli iliyoenea sana ni ya 1/72. Siri yake ni nyepesi: inchi moja husimama badala ya futi sita, hivyo rubani wa futi sita huwa na kimo cha inchi moja. Mwalimu wa hisabati ataona mara moja utajiri uliomo. Urefu hupungua mara 72. Eneo la bawa hupungua mara 5,184. Na ujazo hupungua mara 373,248. Ndege ya Messerschmitt Bf 109G, ambayo kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ilikuwa na mita 9.92, huwa na sentimita 13.8 tu.

Aghalabu kila kasha huacha masazo. Kwa kuwa ndege moja iliundwa kwa matoleo mbalimbali, mtengenezaji hutia rafadha za aina mbili, matangi ya ziada ya mafuta, mabomu na magurudumu, naye muungaji hutumia yale ya toleo alilolichagua. Mwenye busara hatupi kilichobaki, maana akiba haiozi. Mafundi waliotengeneza vyombo vya angani vya filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka wa 1977, walivipamba kwa vipande chungu nzima walivyovichopoa katika makasha ya vifaru, ndege na magari yaliyokuwa yakiuzwa madukani.

Sanduku langu la masazo nililipata nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu kaskazini mwa Uingereza. Lilikuwa sanduku la viatu, likiuzwa pauni mbili katika duka la hisani. Nililinunua kwa sababu ya baridi: jioni za Januari huko ni ndefu, na mgeni asiye na jamaa huhitaji kazi ya mikono. Likarudi nami nyumbani, likakaa juu ya kabati la vitabu zaidi ya miaka kumi, hadi mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 8, alipokuja na kazi ya mradi: kutengeneza mfano wa chombo cha usafiri kwa skeli maalumu.

“Mjomba,” aliniuliza, “kwani sanduku hili ni la takataka?”

Tulilimwaga mezani. Mlikuwa na kiwiliwili na mabawa ya Messerschmitt Bf 109G, ila pua ilikuwa imevunjika na rafadha haikuwemo. Mlikuwa pia na mabaki ya Heinkel He 111, ndege ya kuangusha mabomu yenye injini mbili, ambayo yaelekea ilianguka kutoka rafuni: kiwiliwili kilikuwa kimepondeka, lakini injini zote mbili zilikuwa nzima. Mpwa wangu alishika tama. Mimi nilicheka, kwa maana nilijua kwamba sanduku kama hilo liliwahi kumwagwa mezani katika historia ya kweli.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi iliyokuwa ikiitwa Czechoslovakia ilibaki na mitambo na vipande vya kuundia Messerschmitt Bf 109, ndege ya Wajerumani. Tatizo lilikuwa injini. Akiba ya injini za Daimler-Benz zilizoistahili ndege hiyo ilipungua mno baada ya nyingi kuteketea ghalani. Iliyopatikana kwa wingi ilikuwa Junkers Jumo 211, injini iliyotumiwa katika Heinkel He 111. Basi kiwanda cha Avia kikaichukua injini ya ndege ya mabomu, pamoja na rafadha yake pana, kikaiunga kwenye kiwiliwili cha ndege ya kivita. Chombo hicho kikaruka mwaka wa 1947, nacho kikaitwa S-199.

Kikapewa pia jina la utani, Mezek, yaani baghala, yule mnyama ambaye baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Ama kwa hakika jina lilisadifu. Injini ilikuwa nzito, rafadha pana iliivuta ndege upande ilipokuwa ikiondoka ardhini, na magurudumu yaliyokaribiana, urithi wa Messerschmitt, yalizidisha hatari. Fauka ya hayo, injini ya awali ilikuwa na njia ya kupitishia mzinga katikati ya rafadha. Hii mpya haikuwa nayo, kwa hivyo mizinga ikalazimika kuning’inizwa chini ya mabawa. Hata hivyo ziliundwa zaidi ya 500, na taifa changa la Israeli likanunua 25 mwaka wa 1948. Tarehe 29 Mei mwaka huo zikaingia vitani kwa mara ya kwanza, dhidi ya jeshi la Misri.

Mpwa wangu aliniuliza papo hapo iwapo ziliua watu. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa ndege ya kivita. Kukijua chombo si kukisifu, na mtoto asidanganywe kwamba anachokishika ni kipepeo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuiunge hiyo S-199.

Kazi ilituchukua Jumamosi tatu. Rafadha ya Heinkel ilikubali kwa urahisi. Ganda la injini lilikataa: lilikuwa pana kuliko kiwiliwili lilichotakiwa kushikana nacho. Tulilikata, tukalisugua kwa tupa, tukalipima, tukalisugua tena, na bado pakabaki ufa ulioweza kupitisha ukucha. Tuliuziba kwa dawa nzito, tukangoja ikauke, tukapiga msasa. Viganda vya mizinga ya chini ya mabawa tulivikuta vikingali kwenye fremu yake, kwa sababu toleo la Messerschmitt aliloliunga mwenye sanduku halikuvihitaji. Kijana alichagua magurudumu mazuri kuliko yote sandukuni, akayabandika, kisha akaitazama ndege akaguna. Ilionekana kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Magurudumu yalikuwa ya skeli ya 1/48. Alichukua kalamu, akagawa 72 kwa 48, akapata 1.5, akayang’oa mwenyewe. Waya wa redio tuliupata kwa kuipasha fremu tupu juu ya mshumaa hata ikalegea, kisha tukaivuta taratibu ikawa nyembamba kama unywele.

Katika kazi hiyo kijana alitaka kila kitu kitajwe kwa jina, nami, ambaye riziki yangu ni maneno, niligundua kwamba lugha yetu nayo ina sanduku lake. Rubani wa leo hupaa mawinguni, ilhali asili yake ni yule mjuzi wa bahari aliyeongoza jahazi. Usukani wa gari letu ni ule ule uliofungwa tezini mwa chombo cha baharini. Nahodha aliyeshika timu ya kandanda alitoka melini. Na ile kazi ya kuziba ufa puani mwa ndege yetu sikuwa na haja ya kuibunia jina: mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, huiita kukalafati, wanaposhindilia pamba iliyotiwa mafuta kati ya mbao ili maji yasiingie. Wazee wetu hawakulitupa neno kwa kuwa chombo kimebadilika. Walililaza, likawa kiporo cha kizazi kilichofuata.

Kijana akaipeleka ndege shuleni. Hakuwa na rangi ya kutosha, hivyo bawa moja lilikolea kuliko jingine, na kovu la kalafati lilionekana puani. Mwalimu aliandika kwamba rangi hazilingani na kazi si nadhifu. Alama 11. Mwenzake aliyepeleka ndege ya abiria inayong’aa, ambayo darasa zima lilijua imenunuliwa dukani, alipewa 18. Mpwa wangu hakulia. Aliitia ndege ndani ya pipa la taka nyumbani kwao, na mamake ndiye aliyeiokoa akaniletea.

Msomaji atatazamia sasa nimrudi mwalimu yule. La hasha! Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini, kila mmoja na mradi wake, hutazama kile ambacho jicho hukiona upesi. Isitoshe, nyani haoni kundule. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha kazi mbili za wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza. Mmoja alikuwa amepanga nadharia za wataalamu kwa ufasaha usio na doa, bila neno lake hata moja. Wa pili alikuwa ameketi miezi miwili katika karakana za jua kali za mji wao, akayakusanya maneno ambayo mafundi huyatumia kuita vyuma, nati na kasoro za injini. Uandishi wake ulikuwa na makovu kila ukurasa. Wa kwanza nilimpa A. Wa pili nikampa C. Leo siikumbuki hata sentensi moja ya yule wa kwanza, ilhali orodha ya yule wa pili naitumia darasani kila mwaka. Alama ile siwezi kuirudisha, na binti yule hakuendelea na masomo.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito kuliko kidude cha plastiki. Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, twavikumbuka vikapu vilivyonunuliwa sokoni na kupelekwa shuleni kana kwamba tulivisuka wenyewe. Mtaala wa Umilisi uliletwa ili mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukitenda. Iwapo tutaendelea kuupima mng’ao, basi tumebadilisha jina la ugonjwa tu, na mzazi mwenye fedha atazidi kumfanyia mtoto mtihani. Tena siku hizi, ambapo programu za kompyuta zaweza kuandika insha safi kwa dakika moja, unadhifu umekuwa bidhaa rahisi kuliko zote. Kilicho adimu ni kovu la kweli, lile ambalo mwenye nalo anaweza kulisimulia.

Sisemi kwamba kila kilichochakaa ni hazina, wala kwamba uchafu ni akili. Marubani wa S-199 walijua vyema kwamba kuunga vitu visivyozaliwa pamoja kuna gharama. Hiyo ndiyo faida yake darasani. Aliyepewa vipande vinavyooana hufuata nambari. Aliyepewa vipande visivyooana hulazimika kupima, kukisia, kukosea na kuuliza kwa nini.

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kuandika alama tumwulize mwanafunzi maswali matatu. Kipande hiki umekitoa wapi? Kilikataa wapi kuingia? Nawe ulifanyaje hata kikakubali? Aliyenunua dukani atababaika katika swali la pili. Aliyefanya kwa mkono wake itabidi tumkatize ili kengele isitukute. Unadhifu upewe alama zake, lakini ziwe chache kuliko za majibu hayo. Na kila shule iwe na sanduku moja la redio zilizokufa, nyaya, mbao na vifuniko, lililowekwa kwa makusudi. Mchagua jembe si mkulima.

Ndege ile sasa iko ofisini mwangu, kovu lake likielekea mlangoni. Likizo iliyopita mpwa wangu alipita kunisalimu. Hakuitazama sana. Aliuliza tu kama ile injini ya pili ya Heinkel ingali sandukuni, maana ameanza kuifikiria kazi yake. Nilimwonyesha mahali ilipo. Haikuwa imetupwa.