Mtoto Anapopaliwa Kila Mlo: Tuuelewe Mpira wa Kulishia

Tunapowatembelea wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo Kiboriloni na vijiji vya juu mlimani, kuna swali wanalotuuliza kwa sauti ya chini: mtoto akiwekewa mpira, si ndiyo mwisho wake? Wengi wameuona mpira huo puani kwa ndugu aliyekuwa mahututi, naye hakurudi nyumbani. Hofu yao ina sababu.

Tatizo lenyewe huanzia kwenye kumeza. Ubongo ndio unaoongoza ulimi, koo na pumzi vipishane. Ukiwa umeumia, mpangilio huo huvurugika na uji huingia njia ya hewa. Mtoto hupaliwa na kukohoa. Wengine hawakohoi kabisa, na hao ndio wa kuhofia zaidi, kwani mama hudhani chakula kimeshuka salama kumbe kimekwenda mapafuni. Nimonia inayojirudia, mlo unaochukua saa nzima na uzito usiopanda ni dalili za kumpeleka mtoto hospitali.

Kwanza hujaribiwa namna ya kulisha. Mtoto aketi, kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Kumlaza chali mapajani na kummiminia uji ni hatari kwake. Mtori mzito uliopondwa vizuri mara nyingi humezwa kwa usalama kuliko chai au maji.

Hayo yasipotosha, daktari anaweza kushauri mpira. Ule wa puani hauhitaji upasuaji, nao hufaa kwa wiki chache. Anayeuhitaji kwa muda mrefu hutobolewa tundu dogo tumboni, mpira ukaingia moja kwa moja. Njia ya kuuweka kwa msaada wa kamera nyembamba, bila kupasua tumbo, ilitangazwa mwaka 1980 na madaktari Gauderer na Ponsky wa Cleveland, Marekani. Walianza kuitumia kwa mtoto mchanga, aliyetakiwa kuishi na kukua.

Kazi kubwa iko nyumbani, na kwa maoni yetu mama asiruhusiwe kutoka wodini kabla hajamlisha mtoto mwenyewe mbele ya muuguzi. Mtori ule ule tuliousifu utaziba mpira usipolainishwa na kuchujwa. Mpira husafishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kabla na baada ya chakula. Kifua na kichwa viinuliwe wakati wa kulisha, na angalau nusu saa baadaye. Kwa mpira wa puani, kila mara hakikisha haujasogea, kama muuguzi alivyoelekeza. Ukiwa na shaka, usimimine kitu. Wa tumboni ukichomoka, funika tundu kwa kitambaa safi uende hospitali mara moja, maana linaweza kuanza kuziba ndani ya saa chache. Kutoka Kiboriloni hadi KCMC si mbali. Anayeishi juu, barabara zikiteleza wakati wa masika, apange usafiri mapema.

Mpira hauondoi kila hatari: mate, au chakula kinachopanda kutoka tumboni, bado vinaweza kuingia mapafuni. Wala haumnyimi kila mtoto ladha. Mtaalamu akikubali, anaweza kuonjeshwa kidogo kwa ncha ya kijiko.

Jambo moja tunawasihi akina baba. Siku ya mafunzo hospitalini mama asiende peke yake. Baba, bibi au dada wa mtoto ajifunze pia, kwa sababu mama naye huugua, na siku ya soko mtoto anahitaji kula.